Insha za Mwenzio

Tarehe 9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko nyumbani, na miguu je? Wifi alinieleza kwamba daktari amekukataza chumvi na wewe ukamkataza daktari. Mimi sijambo, isipokuwa kikohozi cha vumbi la karatasi, nacho nimekizoea mpaka siku nikikikosa nadhani naumwa.

Umekataa simu kwa sababu inakuvumia masikioni, basi nimeshika kalamu. Nakuandikia nikiwa hapa kazini, kwenye chumba alichokianzisha mwanao, mume wangu. Mlangoni wameweka kibao kipya, Chumba cha Uandishi, lakini wanafunzi bado wanasema "naenda kwa Bwana Subiri", hata hawa ambao hawakuwahi kumwona kwa macho. Nimerithi meza yake, printa yake inayotafuna karatasi, na dirisha lake lisilofungika. Kazi ni ile ile. Mwanafunzi anakuja na insha iliyorudishwa na mhadhiri ikiwa imejaa alama za kuuliza, anakaa mbele yangu, anaisoma kwa sauti. Mimi nafumba macho nasikiliza. Akijikwaa mahali, hapo ndipo tunapochimba.

Sasa Mama, nina jambo, na tafadhali usimwambie wifi kwamba akili zimeniruka.

Juzi alikuja binti mmoja wa mwaka wa pili. Wenzake wanamwita Msusi, kwa kuwa ndiye anayewasuka bwenini na ndivyo anavyojisomesha. Anaandika ripoti kuhusu maumivu ya miguu na mgongo yanayowapata wasusi. Ameshakuja hapa mara nyingi, tumekata na kushona. Siku hiyo akasoma aya yake ya mwisho: "Wanaosema kwamba kazi hii ni nyepesi si wajinga, na wana haki ya kusikilizwa kwanza. Tuseme wako sahihi. Je, aliyekaa anaweza kuupima uchovu wa aliyesimama?"

Mama, alikuwa yeye. Koo lilikuwa la binti, lakini mwendo ulikuwa wake, ule wa kumkaribisha mpinzani kiti, akishakaa vizuri anamuuliza swali moja dogo. Nilifumbua macho nikatazama mlangoni. Kweli kabisa, nilitazama mlangoni nikimtarajia aingie. Nikamwomba binti arudie. Nikamwomba tena. Mtoto wa watu akadhani ameharibu, akaanza kuomba radhi.

Binti huyu hakuwahi kukutana na marehemu. Aliingia chuoni tulipokuwa tumeshamzika. Nimekutolea fotokopi ya aya hiyo pamoja na kurasa chache za wengine. Soma, halafu uniambie kama ni masikio yangu tu.

Nawakumbatia wote hapo.

Ni mimi mwanao.


Tarehe 27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, chumvi nakula, na daktari naye mzima, nilimwona sokoni akanikwepa. Kikohozi chako ni cha kutokula, si cha karatasi. Nakujua.

Kwanza, acha kumwita marehemu. Wanamwita hivyo majirani, wanamwita hivyo watu wa ofisi ya pensheni, na mimi kila nikilisikia neno hilo nageuka kutafuta wanamsema nani. Wewe sema mwenzangu, mimi nitasema mwenzio, tutaelewana.

Pili, masikio yako hayana kasoro. Karatasi yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, maji yakachemka mpaka yakakauka na sufuria ikaungua. Ni yeye. Pale anaposema "tuseme wako sahihi", nilimwona kabisa akikuna shingo. Nikaichukua ile karatasi nikaenda chumbani kwake, nikafungua dirisha, nikakaa kitandani nikasoma kwa sauti mpaka mwisho. Mwanangu, chumba kilijaa. Sijui nikwambieje. Tangu mwaka juzi kile chumba kilikuwa kimejaa vitu tu.

Umewahi kujiuliza hiyo "subiri" aliyokuwa akiwaambia wanafunzi aliitoa wapi? Ni yangu. Yeye na wifi yako walipokuwa wadogo walikuwa wanapigana tangu kuamka, redio, blanketi, nani kakaa upande wa dirishani. Nikachoka kuwa hakimu. Nikaweka sheria ya nyumba: mkigombana mkija kwangu, hakuna kusema lako. Subiri. Sema kwanza la mwenzako, ulieleze vizuri mpaka yeye mwenyewe aseme "ndivyo". Akishasema ndivyo, unayo ruhusa ya kusema lako. Wifi yako alikuwa anaieleza hoja ya kaka yake kwa kununa, neno moja moja. Lakini mwenzio! Alikuwa anaipamba hoja ya dada yake hadi anasadiki mwenyewe, anasahau lake, anaondoka hana blanketi.

Kwa hiyo unaposikia hayo maneno, unasikia jikoni kwangu. Nitumie nyingine. Nitumie nyingi, na usichelewe.

Mama.


Tarehe 14 Aprili

Mama,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Ulikuwa msimu wa kukusanya kazi, nilikuwa sina hata nafasi ya kupiga chafya. Natumaini miguu imepungua kuvimba. Mimi nakula, uliza mtu yeyote.

Nimekuwekea bahasha nene. Ndani kuna kijana wa kilimo aliyeandika kuhusu maziwa yanayomwagwa kwa kukosa mnunuzi, kuna mama mtu mzima aliyerudi kusoma sheria, kuna pacha wa uhasibu, na kuna sura nzima ya Msusi. Nimezipigia mstari sehemu ambamo yumo, lakini utaziona bila msaada wangu.

Nakuambia ukweli, Mama, sijawahi kuipenda kazi hii namna hii. Zamani nilikuwa nasikiliza nikitafuta makosa. Siku hizi mwanafunzi akianza kusoma, mwili wangu wote unatega sikio. Kama hayupo kwenye ukurasa wa kwanza, tunarudi pamoja, ninamuuliza mwanafunzi maswali, tunatoa hiki tunaweka kile, na polepole anaanza kuja. Unamsikia kwanza kwa mbali, kwenye kiungo kimoja kati ya sentensi mbili. Halafu ghafla yuko chumbani. Kuna siku nilimwambia mwanafunzi "asante kwa kuja" na nilikuwa simwambii yeye.

Na alama zao zinapanda! Foleni inafika kwenye ngazi. Wahadhiri wananisimamisha koridoni kunipongeza. Hata Msusi, ambaye alikuwa anaandika kama anavyopiga soga saluni, sasa ametulia. Alikuwa na sentensi moja ya ajabu, kwamba msusi hulala kitandani huku miguu yake bado inasimama. Tuliitoa. Si mbaya, lakini mwenzangu asingeandika hivyo, na nilipompa namna nyingine ya kusema aliinakili bila ubishi. Ana bidii sana yule.

Nasubiri uniambie ipi imekufurahisha.

Mwanao.


Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hapa tuko salama, isipokuwa wifi yako amekuwa na maneno mengi. Anasema nazungumza peke yangu. Nikamwambia sizungumzi peke yangu, nasoma. Akasema, "Mama, jana ulikuwa unajibu." Basi ndiyo, nilikuwa najibu. Yule mama wa sheria aliandika swali zuri kabisa kuhusu mjane na shamba, nikalijibu, kuna ubaya gani? Mwenzio akiniuliza kitu nilikuwa nanyamaza?

Ratiba yangu sasa ni hii: nikishamaliza kufagia naenda chumbani kwake na bahasha. Nimeleta kiti kingine kule, kitanda kinaniumiza mgongo. Nasoma moja, nanyamaza kidogo, nasoma nyingine. Mchana unakatika bila kuniuma. Wifi yako alitaka kukihamishia kile chumba cherehani yake, nikamuuliza kama ana adabu kweli.

Kuhusu karatasi zako. Msusi ni bora kuliko wote, humo amekaa kabisa, mpaka namna ya kunyamaza. Pacha wa uhasibu wana dakika zao. Lakini yule wa maziwa sikumwelewa. Nilisoma kurasa zote, mwenzio hakutokea hata kupunga mkono. Nimeitupa. Usinitumie watu wasiokuwa na kitu, mwanangu, maana natarajia, halafu nabaki na kiti kitupu mbele yangu. Hujui inavyouma. Au unajua, samahani.

Huyo Msusi muweke karibu. Usimwache aharibike.

Mama.


Tarehe 11 Juni

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Nauliza hali yako kwa haraka tu, unisamehe. Yangu si nzuri.

Unamkumbuka yule mhadhiri mrefu, rafiki yake mwenzangu, aliyebeba jeneza upande wa mbele? Wiki iliyopita aliniita ofisini kwake. Alikuwa amepanga insha mezani, za madarasa mbalimbali. Hakunikaribisha kiti. Akachukua moja akanisomea, akachukua nyingine akanisomea. Akaniambia, "Nilikuwa nasahihisha hizi nikasikia nywele zinanisimama. Huyu ni yeye. Nimekaa naye ofisi moja, naijua kalamu yake. Kuna mtu amepata maandishi yake ya zamani anawagawia wanafunzi, na mimi nitamkamata." Alikuwa amekasirika, lakini nadhani alikuwa ameogopa pia.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kwa sababu kati ya zile insha kulikuwa na moja ya kijana ambaye sijawahi kumwona. Hajawahi kukanyaga chumba changu. Na mwenzangu alikuwa humo, wazi, anamkaribisha mpinzani kiti. Kwa muda mfupi niliamini kwamba kweli anarudi mwenyewe, bila mimi. Na nitakuambia usilotegemea: nilifurahi. Nilisimama mbele ya mtu aliyekuwa ananishuku wizi, nikafurahi.

Baadaye nikaja kujua kwamba kijana huyo ni jirani wa Msusi bwenini. Wanasomeana kazi zao, mmoja akisikia sentensi inayovutia anaiga. Kumbe mwenzangu alishahamia mabwenini.

Sasa wamemshika Msusi, kwa sababu yake ndiyo inayofanana naye kuliko zote. Ripoti yake imezuiliwa. Mwezi ujao anaitwa kwenye kamati ya nidhamu, na wakisema amenakili maandishi ya mtu anafukuzwa chuo, hakuna cha kurudia mwaka. Alikuja kwangu akiwa na mafuta ya nywele vidoleni, alikuwa amemwacha mteja katikati ya kichwa. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mwalimu, nimemwibia nani?"

Nikamwambia hajamwibia mtu. Akasema, "Zile sentensi wanazosema ni za wizi, ulinipa wewe. Mimi nilikuwa na za kwangu. Ulisema haziingii."

Mama, nilikaa na maneno hayo siku kadhaa. Nilidhani nawasikiliza watoto hawa. Kumbe nilikuwa namsikiliza mtu mmoja tu, na kila aliyekaa kwenye kile kiti nilimkata na kumpunguza mpaka amtoshe yeye. Hajawahi kuja, Mama. Nilikuwa namvuta mimi, kidogo kidogo, kwa penseli.

Nikienda kwenye kamati nikasema hivyo, binti atapona. Lakini ndiyo basi. Sitaweza tena kufanya nilichokuwa nafanya, na hakutakuwa na bahasha. Ndiyo sababu nakuandikia kwanza. Niambie neno.

Mwanao.


Tarehe 24 Juni

Mwanangu,

Salamu nimepokea.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Kwa nini usinyamaze? Hao watu wa kamati wanasema maneno ni ya mwenzio. Basi si ni kweli? Si ndilo tunalolisema mimi na wewe tangu Februari? Waache waandike hivyo kwenye makaratasi yao, kwamba ni yake. Angalau kutakuwa na ofisi moja duniani inayosema mwanangu ameandika kitu mwaka huu.

Unasema hajawahi kuja. Mimi nilimsikia. Utaniambia nini mimi niliyembeba? Kama ulikuwa unamvuta wewe kwa penseli, basi vuta. Nani amekukataza? Mkewe ukiacha kumvuta, atavutwa na nani?

Huyo binti ni kijana. Atapata chuo kingine. Mimi nitapata mwana mwingine wapi?

Karatasi zilizobaki huko, nitumie zote.

Mama.


Tarehe 19 Julai

Mama,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute ukiwa na nafuu ya miguu na ya moyo.

Barua yako ilinikata. Niliiacha kwenye begi, nikawa natembea nayo kama jiwe. Halafu nikakumbuka kwamba wewe ni mwenye nyumba ile yenye sheria, nami niliolewa humo. Kwa hiyo naanza na la kwako, na utanisahihisha nikikosea.

Wewe unasema: nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume, akaanguka kwenye ngazi za maktaba mchana kweupe, nikaletewa begi lake na miwani yake. Watu walikuja, wakala, wakaondoka. Nikabaki na chumba. Halafu mke wake, ambaye hakuna aliyemlazimisha, akanitumia sauti yake ndani ya bahasha. Nikaanza kuamka nikiwa na shughuli. Na sasa mke huyo huyo anakuja kuniambia sauti ile ilikuwa kazi ya mikono yake, na kwamba ataiacha, kwa ajili ya msichana nisiyemjua. Ananifisha mwanangu mara ya pili, na safari hii anataka nimpe ruhusa.

Mama, ndivyo? Kama ndivyo, naomba niseme la kwangu.

La kwangu ni kwamba nilikwenda. Nilivaa lile gauni la kijivu nililovaa siku aliyokufa, sikuwa na lingine la heshima. Walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu, Msusi peke yake upande mmoja na kitambaa kichwani, amekunja mikono kwapani. Mwenyekiti akauliza kama nina la kusema. Nikasema kwanza nitaeleza upande wa mhadhiri, kwa sababu hajakosea alichosikia. Nikaeleza jinsi inavyokuwa kufungua kazi ya mwanafunzi na kukutana na rafiki yako aliyekufa. Yule bwana mrefu akainamisha kichwa, baadaye akavua miwani. Nilipofika mwisho nikamuuliza kama ndivyo, akasema kwa sauti ndogo, "Ndivyo."

Ndipo nikawaambia kwamba hakuna maandishi ya zamani, hakuna anayegawa kitu. Ni mimi. Kwa miaka hii miwili, mwanzoni bila kujijua, nimekuwa nikichukua sentensi za wanafunzi na kuwapa za mume wangu, nyingine nilizozikumbuka, nyingine nilizozitunga kama ambavyo yeye angezitunga. Sikuziandika insha zao, hoja zilikuwa zao, lakini sauti niliwavua. Mwenyekiti akaniuliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu nilikuwa nataka kumsikia.

Wamenipa karipio la maandishi. Chumba kimefungwa kwa kufuli mpaka muhula ujao. Msusi hafukuzwi, lakini ripoti yote anaiandika upya akiwa amekaa ofisini kwa mhadhiri, bila mimi, bila jirani wa bwenini, na jina lake litasafishwa kwa njia hiyo tu. Anaogopa. Aliniuliza tukiwa kwenye ngazi, "Kama ya kwangu ni mbaya je?" Sijawahi kuisikia, Mama.

Nakuomba radhi, Mama. Kwa kuacha siombi radhi. Naomba kwa sababu nilikuanzishia kitu nisichoweza kukimaliza. Karatasi zilizobaki sitazituma.

Mwanao, kama bado.


Tarehe 22 Septemba

Mama,

Shikamoo. Agosti imepita, na sasa Septemba inakaribia kwisha, na sijaona mwandiko wako. Wifi ananiambia u mzima, unakula, lakini jina langu likitajwa unainuka kwenda kuangalia kitu jikoni. Sawa. Nitaendelea kuandika, wewe endelea kuangalia kitu jikoni.

Wamekifungua chumba. Vumbi lilikuwa sentimita nzima, na printa imekataa kabisa kuamka. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili walikuja pacha wa uhasibu, wakanitazama kwa wasiwasi kama wagonjwa wanaorudi kwa daktari aliyekosea dawa. Nimewaachia ile sheria yako, hiyo sikuifuta. Wanakaa wawili wawili, mmoja anaeleza hoja ya mpinzani mpaka mwenzake akubali. Ila penseli nimeiweka kwenye droo. Wakisoma nasikiliza, na nikisikia mahali panapojikwaa nauliza tu, "Hapa ulitaka kusema nini?" Wanaponiambia, nawaambia waandike hivyo hivyo walivyosema. Ni kazi ngumu. Mara nyingi inatoka vibaya na nauma ulimi.

Nami nimebaki kimya ndani yangu, Mama. Wanasoma, nafumba macho, na hakuna anayekuja. Kuna mchana mmoja nilisikiliza vijana watano mfululizo, kila mmoja na kigugumizi chake na ubishi wake, na hakuna aliyefanana na mtu. Nilipomaliza nilifunga mlango nikakaa kwenye kiti cha wanafunzi. Nimemkosa mwezi huu kuliko nilivyomkosa siku ya mazishi. Sikujua kwamba inawezekana kuanza kufiwa baada ya miaka miwili.

Msusi amemaliza. Mhadhiri alimkalisha ofisini siku nyingi, akamletea chai, hakumsaidia hata koma. Ripoti imepita. Haikupata alama kubwa, kuna majedwali yamelala chali na hitimisho linarudia utangulizi. Lakini imepita kwa jina lake. Nilimwomba nakala kwa ajili yako, nikamweleza wewe ni nani na kwa nini. Alifikiri, akasema, "Mpelekee, lakini mwambie hii ni ya kwangu."

Basi ndiyo hii. Ni bahasha ya mwisho. Hutapenda, na utakuwa na haki.

Ni mimi.


Tarehe 2 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, na za siku nyingi. Usianze kuuliza miguu, iko chini ya meza inanisubiri. Najua kikohozi kimerudi, wifi yako hawezi kuficha kitu.

Nilikukasirikia. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea. Barua yako ya Julai niliisoma na ile sehemu yangu uliisema sawasawa, mpaka mahali pa begi na miwani, na ndiyo iliyonikasirisha zaidi. Ningependa ukosee ili nikukatalie. Nilikaa miezi hii yote na neno "ndivyo" mdomoni, nikakataa kulitema. Sasa nakwambia: ndivyo.

Karatasi ya binti ilifika. Sikuifungua. Niliiweka juu ya kabati, nikawa nasoma zile za zamani mpaka nikazijua kwa moyo, na zikianza kujulikana kwa moyo hazisemi tena kitu kipya. Mwenzio hakuwahi kurudia jambo mara mbili, alikuwa anachoka. Wiki hii zimenichosha. Nikamwagiza wifi yako aishushe ile ya juu ya kabati.

Nikaenda chumbani kwake kama kawaida. Nikafungua dirisha, nikakaa kwenye kiti, nikaanza kusoma kwa sauti. Nilikuwa namtafuta, nisikudanganye. Ulisema hayupo, lakini wewe ni mke tu, mimi ni mama, nilijua nitamwona mahali ambapo wewe hukutazama. Ukurasa wa kwanza nikasema ataingia kwenye wa pili. Kila aya ikianza nikasema ni hii sasa. Binti anaeleza jinsi mteja anavyosinzia, kichwa kinamwegemea tumboni, naye hawezi kuhamisha mguu mpaka mteja aamke, kwa hiyo anasimama tu na mguu umekufa ganzi na mikono inaendelea kusuka. Pale nilikwama. Nilitaka kujua kama alimwamsha. Nikasoma mbele kutafuta kama alimwamsha, na nilipogundua kwamba nimesahau kumtafuta mwanangu, nilikuwa nimeshafika kwenye majedwali.

Nikarudi mwanzo nikasoma tena. Polepole, na kidole juu ya mstari, mpaka ile orodha ya vitabu ya mwisho.

Hayumo, mwanangu. Nimetafuta kote. Hayumo.

Mwambie binti kazi yake nimeisoma yote, mara mbili, na kwamba angemwamsha yule mteja. Majedwali ayapunguze.

Siku ya mazishi mimi sikulia, sijui kama uliona. Nilikuwa nahesabu viti, nilikuwa naogopa viti havitatosha. Juzi nililia pale chumbani mpaka kiti kikasogea. Wifi yako alikuja mbio, mikono ina sabuni, akasimama mlangoni akaniona nimekumbatia karatasi. Akauliza, "Mama, kuna nini? Nani amefariki?"

Nikamwambia, "Kaka yako."

Akakaa chini sakafuni, tukalia wote wawili mpaka jioni. Likizo ikianza njoo nyumbani. Usilete bahasha.

Mama.